Jibu la Damu ya Mama

Mukurweini, Nyeri.
16 Septemba, 1973.

Kaka yangu Mutahi,

Pokea salamu kutoka nyumbani, kwangu mimi dada yako wa tumbo moja. Habari ya siku nyingi, na hali yako ya afya? Tunasikia kwamba huko Timau baridi ya mlima hushuka asubuhi mpaka nyasi zinakuwa nyeupe, na kwamba wavunaji wa ngano hulala wawili wawili ndani ya blanketi moja. Natumaini kifua chako hakijaanza tena kukusumbua. Sisi huku tungali hai, na ukisikia yaliyotupata tangu uondoke utaona kwamba neno hilo si dogo. Mvua ilikuwa nzuri. Kahawa imebeba hadi matawi yanainama, na ng'ombe waliobaki wanakamuliwa. Binti yako Kagure, kila ninapomwona, anaimba nyimbo za kanisa, ingawa maneno anayachanganya.

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu hakuna aliyetaka kuniambia uko wapi. Sasa najua, na jinsi nilivyojua nitakueleza kabla sijaweka kalamu chini.

Lakini kwanza niyaandike mambo jinsi yalivyokuwa. Nimesikia kwa baba mdogo unavyoyasimulia: ati Kabura alimpa mama sumu, ati kaka yake alikujia na panga, ati wewe ulijikinga tu. Mimi nilikuwepo, Mutahi. Basi vumilia nikuandikie hata yale uliyoyaona mwenyewe, kwa kuwa inaonekana macho yako yaliona vingine.

Unakumbuka ugonjwa wa mama ulivyoingia polepole, kama kutu ya majani inavyoingia kwenye kahawa. Mama yetu, aliyekuwa akipanda kilima na debe la kahawa mgongoni bila kupumzika, akaanza kuketi njiani. Uso ukawa rangi ya majivu yenye umanjano. Ulimi wake ukaacha kukwaruza, ukawa laini na mwekundu kama nyama mbichi, na githeri ya mahindi na maharagwe akasema ina ladha ya udongo. Kisha miguu. Alisema anakanyaga manyoya ya kondoo, tena kwamba siafu wanatembea ndani ya nyama, si juu ya ngozi. Giza likianza kuingia alishika ukuta ili asianguke. Zahanati ilimpa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza vyote, na hakuna kilichobadilika.

Halafu kichwa kikafuata mwili. Alianza kuzungumza na marehemu baba kana kwamba ametoka kizuizini kwa wakoloni jana, akimshtakia kwa sauti kwamba mke wako Kabura anamtilia kitu kwenye uji. Sisi watoto wake tulisikia kila siku. Neno likirudiwa kila siku huanza kufanana na kweli.

Asubuhi ile ya mavuno Kabura alimletea uji jinsi alivyomletea siku zote, akapiga magoti kumpa bakuli. Mama aliacha bakuli, akainua sufuria yenyewe kutoka mafigani na kummwagia. Mimi ndiye niliyemvua wifi yangu nguo, na ngozi ya shingo na kifua ilitoka pamoja na nguo. Mtoto Kagure alikosa kuungua kwa nafasi ya kiganja tu. Kabura hakumtukana mama. Alisema tu, tena na tena, "Mama, ni mimi. Ni mimi Kabura."

Baba mdogo Wamae alikuwa amekuja kutazama ndama. Wengine tulikimbilia maji, yeye alikimbilia sufuria. Alikwangua mabaki akampa mbwa, akasema mbele ya watu wote, "Mgonjwa hakosei adui yake. Hii uji iko na kitu." Jioni mbwa akatapika. Mbwa yule alikuwa ameshinda kwa jirani akila kondo la nyuma la ng'ombe aliyezaa; nilimwona kwa macho yangu, na nilisema. Ulinijibu kwamba kusoma kumenifanya niwe kipofu. Hicho ndicho kipimo tulichompima nacho Kabura, kaka yangu: matapishi ya mbwa.

Kesho yake ulimtoa nyumbani kwake kwa kumvuta nywele, kitambaa cha vidonda kingali kimefungwa shingoni. Ulimuuliza sumu ameinunua wapi. Akasema hajui. Kila aliposema hajui, ulimpiga kwa mpini wa jembe. Mkono wake wa kushoto ulipovunjika nilisikia mlio kama wa kuni kavu. Nilikuja nikakukumbatia kwa nyuma, ukanipiga kiwiko, nikameza damu yangu pamoja na kipande cha jino. Wana wa Wamae waliimwagia nyumba yake mafuta ya taa wakicheka. Mke wako alipita katikati ya migomba, mtoto mgongoni, mkono ukining'inia, akaenda kwao Kiriaini kwa miguu, na nyuma yake moshi wa nyumba yake ukimfuata. Hukumtazama. Ulikuwa umeketi juu ya gogo ukinywa maji.

Sasa nifike kwa Gicheru. Kaka yake Kabura hakuwa mtu wa vita. Alikuwa seremala, ndiye aliyekuchongea kitanda cha arusi na akakataa malipo. Siku mbili baada ya moto alikuja akisukuma baiskeli, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa limetoka pumzi mtelemkoni. Aliiegemeza kwenye mgomba, akaja mpaka uani akiwa na pampu yake mkononi. Umenisikia, Mutahi? Pampu ya baiskeli. Alisema, "Shemeji, sikuja kwa ugomvi. Nipe nguo za dada yangu, kama kuna zilizopona." Wewe ulitokea katikati ya mistari ya kahawa na panga ulilokuwa ukikatia magugu. Ulimjia moja kwa moja. Alipoinua mkono kujikinga, pigo la kwanza liliukata mkono huo pamoja na pampu. La pili lilimpata shingoni.

Nilimfunga shingo kwa kitambaa changu cha kichwa, nikakandamiza kwa viganja vyote viwili, na bado damu ilipita kati ya vidole. Gari la chama cha kahawa lilitubeba kuelekea Nyeri. Njiani aliniuliza kama Kabura amekula. Nikamwambia amekula. Hatukuwa tumeuona mji bado alipokata roho, na niliendelea kumkandamiza shingo kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya.

Ulipotoweka, polisi walikuja, na ukoo wote ukawa hauna macho. Mimi nilisema nilichokiona. Ofisa aliandika, kisha Wamae akaleta watu wa nyumba zetu wote, wakaapa kwamba mimi nimechanganyikiwa kwa kumuuguza mama, na kwamba Gicheru aliuawa na wezi wa kahawa. Walipoondoka, Baba mdogo alinishika kidevu mbele ya wanawe akaniambia ulimi wangu utanizika.

Watu wa Kiriaini hawakungoja polisi. Alfajiri moja vijana wao waliingia bomani wakakata mishipa ya miguu ya nyuma ya ng'ombe. Tulipoamka, ng'ombe watatu walikuwa wanajiburuta kwa miguu ya mbele, wakilia kama watu, na ilibidi wachinjwe pale pale matopeni. Yule mwekundu uliyemlea kwa chupa alikuwa mmoja wao. Baba mdogo Wamae naye walimkuta njiani akienda kanisani, wakamvunja taya kwa rungu. Wanawe wakaapa kulipiza. Kila nyumba ikaanza kunoa, na nilipopita njiani niliusikia mlio wa mapanga kwenye mawe zaidi kuliko mlio wa ndege.

Na katika yote hayo, kaka, hakuna aliyeuliza swali moja jepesi. Kabura ameondoka. Uji sasa naupika mimi. Mbona mama anazidi kuwa mgonjwa?

Watu wa ukoo wakaja kulijibu wenyewe, na jibu lao lilikuwa mimi.

Mama alinigeukia mwezi wa pili. Nilikuwa nimeinama nawasha moto alipokuja nyuma yangu na kisu cha kukatia ndizi, akipiga kelele kwamba mimi ni Kabura nimevaa uso wa Warigia. Nilitoa mkono na kisu kikaufungua kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Tulipigana sakafuni, mimi na mama aliyenizaa. Alikuwa mwepesi kama mtoto, lakini nguvu ya wazimu si ya mwili. Nilimfunga kwa leso mbili, nikamkalia, nikalia. Nilipoinua kichwa, wana wa Wamae walikuwa mlangoni. Hawakuja kunisaidia. Walinitazama jinsi walivyomtazama Kabura siku ile ya mbwa, na mkubwa akaniuliza kwa upole, "Wewe nawe unampikia nini?"

Sikungoja wafike kwenye mafuta ya taa. Gari la maziwa lilikuwa linapita, nikampakia mama katikati ya mitungi, damu yangu ikidondoka juu ya maziwa ya watu, nikampeleka hospitali.

Huko nilimkuta daktari kijana kutoka Embu, anaitwa Njue. Walinishona mkono kwanza, huku mama akiwa amefungwa kitandani na kuuma kila aliyemkaribia. Daktari Njue aliumwa kidole na hakukasirika. Alitazama ulimi ule mwekundu kwa muda mrefu. Aligonga magoti ya mama kwa nyundo ndogo ya mpira, akamwekea chuma chenye kutetemeka kwenye kifundo cha mguu, na mama hakuhisi kitu. Siku alipotulia kidogo alimsimamisha, akamwambia afumbe macho. Mama alipofumba tu, alianguka kama mti uliokatwa, na daktari akamdaka.

Akatoa damu. Aliniambia kwamba chembe za damu ya mama ni chache mno, na zilizopo ni kubwa kuliko kawaida, kama matunda yaliyovimba kabla ya kuiva. Mwilini mwake kunakosekana vitamini moja wanayoiita B kumi na mbili. Bila hiyo damu haikomai, mishipa ya fahamu inakufa kuanzia miguuni, na mtu anaweza kuona vitu visivyokuwepo na kumchukia anayemlisha. Nilimuuliza vitamini hiyo hupatikana wapi. Akasema, katika nyama, maziwa na mayai.

Nilifurahi, nikadhani sasa tumepona. Sikujua kwamba maneno hayo yangeniletea panga.

Maana Baba mdogo alikuja wodini siku hiyo hiyo, taya imefungwa kwa kitambaa, na nesi akamweleza. Alisimama katikati ya vitanda akasema, meno yakiwa hayafunguki, "Kumbe alinyimwa chakula! Kwanza mke wa Mutahi, halafu huyu." Nilimwambia mama anakunywa maziwa asubuhi na jioni, na kwamba tangu ng'ombe wachinjwe tulikuwa na nyama iliyokaushwa ambayo mwenyewe alikula nasi. Hakutaka kusikia. Sumu ilikuwa imekufa, basi njaa ikachukua mahali pake. Mradi pawe na mwanamke wa kuhukumiwa. Nilipotoka kununua sabuni, wanawe waliniburuta hadi nyuma ya ukuta wa hospitali. Walinipiga mateke mpaka nyuzi za mkono zikafumuka zote, na mmoja alikuwa ameshaweka panga juu ya sikio langu wakati dobi wa hospitali na wenzake walipotokea na magongo ya kufulia.

Daktari Njue alinishona mara ya pili kwa mkono wake. Nilimwambia kila kitu: Kabura, mbwa, moto, Gicheru. Akamaliza uzi, halafu akasema kuna swali jingine ambalo damu ya mama inaweza kuulizwa. Si nini kinachokosekana, bali kwa nini kinakosekana. Alisema kuna watu wanaokula nyama na kunywa maziwa kila siku na bado vitamini hiyo haiingii mwilini, kwa sababu ndani ya tumbo kuna kitu kinachoibeba kama hamali, na kwao hamali huyo ameuawa. Muuaji wake, kama yupo, huacha alama katika damu. Nyeri hawakuwa na kipimo hicho. Damu ingepelekwa Nairobi, na kutoka huko ipande ndege kwenda ng'ambo, nasi tungoje. Tena alitaka kuichukua kabla ya sindano ya kwanza ya vitamini hiyo, maana dawa yenyewe ingeweza kulivuruga jibu. Mama alikuwa akipiga kelele kwamba tunamnyonya. Nilimshika mabega, daktari akajaza vichupa, na mara tu baadaye akamchoma ile sindano. Dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya zambarau iliyotiwa maji. Dawa haikungoja jibu. Tuliokuwa tunalingoja ni sisi.

Mutahi, sijui nikuelezeje. Kabla ya juma kuisha, nilikuwa namfuta uso asubuhi akaniangalia, akasema, "Warigia, mkono umefanya nini?" Aliniita jina langu. Nikamwambia nimejikata na nyasi za ng'ombe. Alitazama vile vifungo vya kitandani, akaomba vifunguliwe, vikafunguliwa. Siku iliyofuata aliomba chumvi kwenye viazi. Ladha ilikuwa imerudi.

Jibu kutoka ng'ambo lilifika baada ya Pasaka. Daktari alimwita chifu, akamwita Wamae na wanawe, akatuketisha katika chumba chake, mama kwenye kiti cha magurudumu. Alisema alama imeonekana, tena kwa wingi. Mwili wa mtu una askari wake katika damu, wa kupigana na magonjwa yanayotoka nje. Kwa mama, askari hao walikuwa wamemgeukia mwenye nyumba. Walishambulia tumbo lake mwenyewe, wakamwangamiza hamali yule, na tangu hapo chakula chote alichopewa, hata kama ungempa fahali mzima, kilipita bila kumwachia vitamini hiyo. Alisema waziwazi: si sumu, si njaa. Hakuna mkono wa mtu.

Chifu, ambaye aliiona Hali ya Hatari ya wakati wa ukoloni akiwa kijana, alisema kwa sauti ndogo kwamba mambo hayo anayajua, ya watu wa boma moja kuinukiana. Baba mdogo aliuliza, "Daktari, hao askari walitumwa na nani?"

"Hakuna aliyewatuma, mzee."

"Lazima kuna aliyewatuma."

"Hakuna," daktari akasema. "Hutokea hivyo tu."

Wamae aliondoka akisema kwamba wazungu hawajui damu ya Mgikuyu, na mpaka leo husema hivyo. Lakini mwanawe mkubwa, yule aliyeniuliza nampikia nini, alibaki ameketi. Ndiye aliyewasha kiberiti siku ya nyumba ya Kabura. Alitapika pale pale sakafuni, mbele ya chifu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kubadilisha maneno aliyowaapia polisi.

Tulipobaki peke yetu mama aliniuliza, "Gicheru yuko wapi?" Nikashtuka. Kumbe picha zilikuwa kichwani mwake muda wote, ila alidhani ni sehemu ya maruweruwe, pamoja na siafu na baba. Alikuwa anangoja mtu amwambie kwamba hayakutokea. Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia kuhusu uji, mpini wa jembe, moto, pampu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alijipiga kifua kwa ngumi, akajipiga mpaka nesi akaja kunisaidia kumshika, na safari hii haukuwa wazimu.

Tangu siku hiyo alijifunza kutembea kama mtoto. Daktari alisema mishipa iliyokufa hairudi yote, na ni kweli, bado hurusha mguu na kuutazama anapoukanyagisha. Sindano atachomwa maisha yake yote, kila mwezi. Lakini mwezi wa nane aliweza kupanda kilima chetu kwa fimbo moja, na aliposhuka aliniambia nimpeleke Kiriaini.

Nilimkataza. Nilimwambia watamuua. Akasema wana haki ya kujaribu.

Tulipofika karibu na nyumba ya kina Gicheru, vijana walitutambua. Mawe yakaanza. Mimi nilijificha nyuma ya ua, nakiri, lakini mama hakugeuka. Jiwe moja lilimpata begani, jingine lilimpasua paji la uso, damu ikamjaa macho. Aliyumba, akajikaza kwenye fimbo, akaendelea kusimama kwa miguu ambayo hata haioni ardhi vizuri. Akapaza sauti: "Mimi ndiye niliyesema uongo juu ya mtoto wenu! Kichwa changu kilikuwa kigonjwa, na mwanangu akaua kwa sababu ya kichwa changu! Kabura hakunipa kitu ila uji!" Alirudia mpaka soko zima lililo jirani likaacha biashara kusikiliza. Huko, Mutahi, mkeo alikuwa haruhusiwi kuteka maji na wenzake. Hata kwao walianza kumwogopa. Watu walikuwa wakivusha watoto wao upande wa pili wa barabara akipita.

Aliyetoka kuwakemea vijana alikuwa mama yake Gicheru. Alimfuta mama damu kwa ncha ya leso yake. Hakumkumbatia, na wala hakumkaribisha ndani. Alisema tu, "Wangu amelala ardhini. Wako yuko wapi?"

Kabura alikuwa amesimama mlangoni. Mkono wake uliungwa vibaya, kiganja kimegeukia nje, na shingo imekunjamana kwa kovu mpaka hawezi kuinua kidevu. Mama alipiga magoti mbele yake, akaomba msamaha. Kabura akamwinua kwa mkono mzima. Alisema hana neno naye, kwa kuwa ugonjwa hauna masikio. "Lakini Mutahi hakuwa mgonjwa," akasema. "Yeye alikuwa mzima kila aliponipiga." Hatarudi, kaka. Sikumwomba arudi. Mtoto tuliruhusiwa kumwona, na kila ninapokwenda namsikia akiimba.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika yote haya.

Tulipokuwa njiani kurudi, mama aliniambia kwamba anajua uko wapi. Wamae alikuwa amemnong'oneza siku za wazimu, akidhani anasema na mti. Timau, shamba la ngano, na jina la uongo unalotumia. Aliniuliza kama najua. Nikasema sijui. Akasema, "Basi mimi ndiye nitakayesema, wasije wakasema ni dada yake." Juma lililopita alivaa gauni lake la kanisa, akashika fimbo, akaingia kituo cha polisi Nyeri kwa miguu yake, akamwambia mkubwa wao jina lako la kweli na lile la uongo. Alijua sheria inasema nini juu ya mauaji. Mkubwa alimkumbusha, akamwambia, "Mama, huyu ni mwanao. Unaweza kwenda nyumbani na tusikuone tena." Akajibu kwamba amekwisha kuishi mwaka mzima bila akili, na hataki kuishi mwingine akiwa nayo halafu anyamaze.

Aliomba jambo moja tu: asikamatwe mwanawe kama mwizi, akipigwa marungu. Yeye mama aruhusiwe kuja kukuchukua mwenyewe.

Moffat, dereva wa lori la magunia, ameagizwa akukabidhi barua hii mkononi na asikuambie lolote. Mama yumo ndani ya lori hilo. Ameketi mbele, amejifunga blanketi la kijivu. Alitaka nikuandikie kwanza kwa sababu alihofia akianza kusema atalia, na akilia utamwonea huruma badala ya kumsikia. Polisi wako njia panda. Hawatasogea mpaka mshuke pamoja kwa miguu hadi walipo. Ukikimbilia msituni, mama hatakufuata. Ameniambia atabaki ameketi hapo, na polisi watakapochoka kungoja watakuja.

Hakutaka niandike neno la kukubembeleza, wala sina. Wakili atakayekubali kusikia habari ya ugonjwa nimeanza kumtafuta, na Daktari Njue amesema atasimama mahakamani kueleza jibu la damu ya mama. Hilo litasaidia kiasi gani sijui. Pia alisema askari hawa wasaliti wa damu wakati mwingine hupita katika uzao. Damu yangu ameshaipima, nayo iko safi. Popote watakapokupeleka, ukiona ulimi unakuwa laini na miguu inakufa ganzi, waambie wakupime nawe, wala usimtafute mtu wa kulaumu.

Nakuchukia kwa ajili ya Gicheru. Nakupenda pia, nimejaribu kuacha nikashindwa. Msaidie mama kushuka kwenye lori, ngazi yake ni ndefu na mguu wa kulia hauhisi chuma. Mchukulie fimbo, umpe mkono. Asubuhi hii alisema atakushika mpaka watakapowatenganisha.

Nawasalimu wote waliokufanyia wema huko kwenye baridi. Jirani zetu wa karibu na kanisa wanakusalimu, na binti yako, ambaye hajui ninakuandikia, ningekutumia wimbo wake kama wimbo ungeingia katika bahasha. Mungu awe kati yenu wawili njiani.

Ni mimi dada yako,
Warigia